Punguza Biti Kwanza

Kwenu nyinyi mnaorekodi vyumbani, Pasua, Rau, na kokote mlikobandika godoro ukutani mkapaita studio: nimeacha kazi. Daktari wa masikio amenionyesha kwa vipimo vyake kwamba sauti kali za juu sizisikii tena kama zamani, hasa ule mlio wa "s" unaochoma, na mtu asiyeisikia "s" hana haki ya kuhukumu mistari ya mtu mwingine. Vifaa nimewaachia wenye masikio. Kwangu yamebaki maneno, na nayaandika kwa sababu nimechoka kuyasema kwa mdomo.

Watoto wa Pasua walinibandika jina la Mama Punguza. Sikulipenda, lakini siwezi kusema walinionea. Kila kijana aliyeingia chumbani kwangu alianza na ombi moja: "Mama, niongezee sauti, sisikiki." Nami nilijibu jibu moja: "Punguza biti." Akanuna, akaenda kwa mwingine, akaongezewa sauti mpaka ikapasuka, kisha akarudi kwangu na mzigo ulioharibika akiniuliza kama naweza kuuokoa. Miaka yote hiyo, wimbo baada ya wimbo. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilijikuta muuguzi wa masikio ya namna hiyo.

Nilianzia katika kituo kidogo cha redio hapa Moshi, enzi za kanda. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana mama yangu kule Mwika aliamini redioni ni mahali pa kuonekana. Fundi mkuu, Mzee Anaeli, alinisikia nikija tangu mlangoni. Akaviangalia vile viatu, akasema, "Binti, hivyo viatu vinarekodi." Nikafanya kazi peku kutwa nzima. Mafundi wengine walidhani nimeletwa kuchemsha chai. Nikawachemshia siku hiyo, nikatia chumvi badala ya sukari, na hawakuniomba tena.

Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa kurekodi kwaya, kanisani huko juu mlimani. Waimbaji walikuwa wazuri, wenye vifua vya watu wanaopanda na kushuka milima kila siku, lakini kwenye kanda hatukusikia hata neno la wimbo. Mimi nikakimbilia vitufe, nikapandisha maikrofoni za waimbaji. Ikawa kelele. Mzee Anaeli akaniondoa mkono taratibu. "Mtu akikwambia sauti haisikiki, usiiguse sauti," akasema. "Tafuta nani ameikalia." Aliyeikalia alikuwa mpiga kinanda, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kwaya na mwenye gari lililotuleta. Nikatumwa mimi, mgeni wa juzi, kwenda kumwambia apunguze.

"Kinanda hiki kimetolewa kwa michango ya washarika," alinijibu. "Lazima kisikike."

Niliporudi na jibu hilo, Mzee Anaeli aliinuka, akaenda akamnong'oneza jambo, na kinanda kikashuka. Nilipomuuliza amemwambia nini, alisema amemsifia tu: amemwambia mkono wake ni mzito kwa uzuri kiasi kwamba mashine yetu maskini inashindwa kuubeba. Hapo nilijifunza nusu ya ufundi wangu. Nusu nyingine ilikuwa blanketi.

Blanketi, ndiyo. Mzee Anaeli alitembea nalo, la sufu, zito, lenye harufu ya moshi wa jikoni. Alilitundika nyuma ya msemaji ili sauti isigonge ukutani na kurudi. Alikuwa pia na tabia ya kushusha spika mpaka zinong'one, halafu anasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Neno likisikika hapo, alisema, litasikika popote. Na akishamaliza anamwita mama aliyekuwa akichoma ndizi nje ya geti letu, anamuuliza, "Mama, hapa wanasema nini?" Yule mama asipojua, tunarudia. Mafundi wenye vyeti waliona ni kujidhalilisha. Mimi niliona ni kuokoa muda, maana tukikosea, wasikilizaji walikuwa wanakuja wenyewe pale getini kulalamika.

Mzee Anaeli alipofariki, kompyuta zilikuwa zimeshaingia, na ghafla kila mtu akawa fundi. Niliendelea pale redioni hadi nilipochoka kusomewa matangazo ya mabati, nikafungua chumba changu mwenyewe nyuma ya nyumba yangu, Pasua. Upande mmoja kuna mchomelea mageti, upande wa pili kuna mashine ya kusaga. Msiniulize kwa nini nilichagua hapo. Nyumba ilikuwa imeshajengwa, na mashine ya kusaga ilikuja baadaye.

Nilitegemea kwaya. Wakaja wachanaji, vijana wa rap. Walikuja na mistari kwenye simu, na biti waliyoitoa mtandaoni ikiwa faili moja, kila kitu kimeshachanganywa na kubanwa hadi hakuna pa kupenyeza hata pumzi. Walikuwa wamerekodi bafuni kwa sababu bafuni sauti "inakuwa kubwa". Nikawaambia bafuni ni pa kuogea. Walivalisha maiki soksi ili "p" zisilipuke, na hilo niliwasifu, ila wengine walitumia soksi iliyovaliwa. Walirudia sauti ileile mara sita, wakazipanga juu ya nyingine wakidhani zitakuwa nene, wakati watu sita wanaosema neno moja bila kulingana hawaleti unene, wanaleta tope. Wakamwagia mwangwi. Kisha wakapima kazi yao kwenye sabufa ya nyumbani, ile inayotikisa vikombe kabatini, wakaridhika kwamba inagonga.

Inagonga, sawa. Lakini mwenzio anasema nini? Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lililojaa nalo likifunikwa na sabufa hamlijui lina nini.

Basi niwasimulie kuhusu Prosper, maana katika kazi zote nilizofanya hiyo ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Prosper ni wa Kirua Vunjo, ila alikuwa amepanga chumba Rau. Alikuja kwangu mwanzoni mwa Desemba, wakati watu wa Dar wameanza kupanda nyumbani kwa Krismasi na mji umejaa magari yenye miti ya sikukuu kwenye keria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuongezewa sauti?"

Kwa kawaida hapo hucheka. Yeye hakucheka. "Baba amesikia goma langu," alisema. "Amefunga geti. Amesema nisikanyage tena."

Nikamketisha, nikampa chai, safari hii yenye sukari. Kisa chake kilikuwa hiki. Baba yake, Mzee Deo, alilazwa hospitali muda mrefu kwa ajili ya mguu. Prosper akaachiwa kihamba, shamba la ukoo, lenye migomba na mibuni aliyoipanda babu yake. Akatokea mtu akamwambia kahawa imepitwa na wakati, mali sasa ni parachichi. Prosper akachukua panga na msumeno, akakata mibuni yote bila kumuuliza mtu. Mzee aliporudi akiwa na magongo, alisimama uani akaangalia mahali ambapo mibuni ilikuwa. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Yote?" Kesho yake baba akamwambia akatafute pa kuishi.

Walio wa kwetu wanajua dawa ya jambo kama hilo. Mkosaji huja na wazee, ameshika isale, lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba. Anataja kosa lake kwa mdomo wake, anaomba msamaha, na aliyekosewa akishasimama mbele ya isale hana njia ya kulikataa. Baba mkubwa wa Prosper, anayeishi Dar, alikuwa ameahidi kuja Krismasi kumwongoza. Baada ya sikukuu angeshuka tena, na hakuna mzee mwingine wa ukoo ambaye Mzee Deo angemsikiliza. Kwa hiyo ilikuwa Krismasi ile au basi.

Na hapo kijana, badala ya kutulia asubiri, akaona amtengenezee baba njia kwa wimbo. Ndiyo akili zenyewe hizo.

"Nilitaka ausikie kabla, mama. Ili nikifika awe ameshalainika."

"Alainike kwa besi?"

Nikauweka kwenye simu. Ukaanza na mdundo wa kubomoa ukuta, halafu kiitikio: *Nimekata! Nimekata! Nimekata mibuni ya babu!* Sauti zimerundikwa, makofi, vigelegele, mtu anasema "twende" kwa nyuma. Kila silabi inasikika vizuri kabisa. Halafu ukaja ubeti, na hapo nikasikia besi, besi, mtu ananong'ona ndani ya pipa, besi, kisha kiitikio tena: *Nimekata! Nimekata!*

Nikauzima. "Baba yako aliusikia wapi huu?"

"Kilabuni. Kuna dogo aliupiga kwenye spika ya pikipiki. Wazee walikuwa wanakunywa mbege, wakaanza kucheka, wakamuuliza baba kama huo ndio wimbo wa mwanawe."

Mnaelewa? Yule mzee, na mguu wake mbovu, alikaa mbele ya wazee wenzake akamsikia mwanawe anajisifu kwa vigelegele kwamba amekata mibuni ya babu. Hivyo ndivyo wimbo ulivyosikika. Ningekuwa mimi ningefunga geti na kuongeza kufuli.

"Hapa kwenye ubeti unasema nini?" nikamuuliza.

Akaninukulia, macho yakiwa chini:

*Ulipouliza "yote?" baba, nilikosa mdomo,*
*nilijiona mjanja kumbe ujinga hauna kikomo.*
*Sikuomba ruhusa yako, sikutaka ushauri,*
*usinipe kisogo kabla sijakiri, baba, subiri.*

Nilihisi machozi, na papo hapo nikahisi hasira, maana hakuna kinachoniudhi kama maneno mazuri yaliyozikwa hai.

"Mbona hayo sikuyasikia hata moja?"

"Mama, mimi nasikia kila neno!"

"Kwa sababu umeyatunga wewe! Hata nikikupigia mashine ya kusaga utayasikia. Sikio la mwenye mistari linajijazia. Baba yako hajijazii, anapewa ulichompa. Na ulichompa ni kiitikio."

Tukaanza kazi. Nikamwambia ampigie rafiki yake aliyetengeneza biti, atutumie ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, ili kila kimoja nikishushe kwa kadiri yake. Rafiki akajibu kompyuta aliisafisha, imebaki faili moja. Yelewii! Vijana, hifadhini kazi zenu. Siombi tena, nawaagiza.

Ikabidi nichonge. Sauti ya mtu anayesema ina makazi yake pale katikati, si chini kwenye besi wala juu kabisa kwenye matoazi. Nikachukua ile biti nikaikwangua pale katikati, kidogo tu, mahali ambapo maneno yanahitaji kukaa, kisha nikaishusha yote. Prosper alikaa kitini kama mtu anayenyolewa na kinyozi mlevi. "Mama, imekufa," alisema. Nikamwambia haijafa, imekaa chini, kama watu wenye adabu wanavyofanya mtu mwingine akizungumza.

Sauti yenyewe ya bafuni haikufaa. Mwangwi ulioingia wakati wa kurekodi hautoki, kama chumvi kwenye mchuzi. Nikamsimamisha mbele ya kabati langu la nguo, milango wazi, aelekee makoti na vitenge, na blanketi mgongoni. Maiki nikaiweka umbali wa kiganja kilichotanuliwa, ikae kidogo pembeni ya mdomo. Akaanza kuchana kwa kupayuka, mishipa imemtoka shingoni, mishale ya mashine yangu ikagonga ukomo.

"Simama. Unamwambia nani?"

"Baba."

"Yuko umbali gani?"

"Si yuko Kirua."

"Hapana. Humu chumbani yuko wapi?"

Akafikiri. Akaonyesha lile koti langu jeusi la misibani, mbele ya pua yake.

"Basi mwambie huyo. Mtu haombi msamaha kama anapiga debe stendi."

Akaanza tena, na sauti ikabadilika kabisa. Ikawa ya mtu. Tulikuwa katikati ya ubeti mchomelea geti alipowasha mashine yake. Nikatoka kumsihi. Akaniambia ananipa nafasi mpaka amalize soda yake, na jamani, sijawahi kumwombea mtu anywe soda polepole kama siku ile.

Vita kubwa ilikuwa kiitikio. Nilifuta zile sauti zote zilizorundikwa, nikaacha moja. Nikafuta makofi. Nikafuta na yule wa "twende."

"Mama, utaua goma! Hapo ndipo watu wanapocheza!"

"Ndiyo tatizo lenyewe, Prosper. Wanacheza."

Akaichukua simu yake. Nilidhani ataondoka, kama wenzake walivyozoea kuondoka. Akasema tu, "Basi futa," na akageuka asione nikifuta. Nilimheshimu kwa hilo. Kwa mchanaji, kiitikio ni kama ng'ombe wa maziwa kwa jirani zangu wa Mwika, humuuzi hivi hivi.

Nikaondoa mngurumo wa chini wa maiki. Nikaibana sauti taratibu ili neno kubwa lisiruke na dogo lisizame. Mwangwi nikatia kiasi cha kuonja. Sauti ya pili nikaiweka kwenye neno la mwisho la mstari tu, chini ya ile ya kwanza, kama mtu anayekuunga mkono na si anayekukatiza. Halafu nikamchukua Prosper na simu mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ikinguruma vilevile, nikamshikisha simu mama mmoja mwenye beseni la mahindi ambaye hatujuani.

"Samahani mama, sikiliza hapa. Huyu anasema nini?"

Akasikiliza, simu ameibana sikioni. "Kijana kamkosea baba yake," alisema. "Kakata mibuni. Maskini. Ila pale anapoulizwa na baba yake, jibu lake sijalipata."

Alikuwa sahihi. Prosper alikuwa akiishiwa pumzi mwishoni mwa mistari, na "nilikosa mdomo" ilizama. Tukarudi. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo vizuri, msidanganyane. Nilipita neno kwa neno, nikipandisha lililoanguka kwa mkono, mstari mzima, ubeti mzima, macho yakiuma, yeye akiniuliza kila mara kama tumemaliza. Tuliporudi tena foleni, yule mama alikuwa ameshaondoka na unga wake. Tukampa mwingine. Huyu alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu, akamtazama Prosper usoni akamuuliza, "Kwani baba yako bado amekataa?"

Hapo nikajua imeiva.

Wimbo ulipelekwa na dada yake, Gaudensia, anayeishi na mzee kule nyumbani. Alinisimulia baadaye. Hakumwambia baba yake kitu. Alisubiri mzee akiwa amekaa karibu na banda akimkatia ng'ombe migomba, akauwasha wimbo kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwa aproni, kwa sauti ndogo, huku yeye anakamua. Mzee aliposikia ule mdundo alisema, "Zima huo upuuzi." Gaudensia akajifanya mikono ina maziwa. Panga likaendelea kukata. Ulipofika ubeti, panga likanyamaza. Wimbo ukaisha. Mzee akaliangalia panga, kisha akasema, "Mwambie aje yeye. Simu haina mkono wa kushika isale."

Gaudensia alinipigia akilia na kucheka. Akasema na mimi lazima nipande. Nilikataa, nikasema mambo ya ukoo si ya fundi. Akaniambia nisilete maringo. Siku ya pili ya Krismasi nikapanda Kirua, nikiwa nimevaa raba.

Geti lilikuwa wazi. Tulikaa uani, wanawake upande wa jikoni karibu na sufuria la ndizi za machalari, wazee kwenye mabenchi, Mzee Deo kwenye kiti cha mbao na mguu wake ameunyoosha. Mahali pa mibuni palikuwa peupe, na vichipukizi vya parachichi vimenyauka. Baba mkubwa akamwongoza Prosper katikati, ameshika isale kwa mikono miwili. Wakamwambia ataje kosa lake.

Na yule kijana, aliyepayuka chumbani kwangu hadi mashine ikagonga ukomo, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Midomo inacheza tu. Jirani ng'ambo ya migomba alikuwa na sabufa, na sabufa ilikuwa na nyimbo za Krismasi.

"Sikusikii," alisema Mzee Deo.

Prosper akajaribu tena.

"Sikusikii."

Nilichemka. Nawaambia ukweli, nilichemka kama sufuria lile. Tulichonga, tulibana, tulimwombea mchomelea mageti anywe soda polepole, halafu mtu anakuja kunong'ona siku yenyewe! Na ile sabufa nayo! Nikainuka niende kwa jirani nikamwambie apunguze, hata kama ni Krismasi, hata kama ana wageni kutoka Dar. Gaudensia akanishika kitenge akanivuta chini. "Kaa, mama," aliniambia. "Kaa."

Nikakaa. Na hapo Mzee Deo akaokota magongo yake. Mtu mmoja alitaka kumsaidia, akamkataza kwa jicho. Akainuka kwa shida, akatembea pole pole katikati ya ua hadi mbele ya mwanawe, akayaachia magongo yaanguke, akamshika bega ili asianguke yeye. Akainamisha kichwa, akaweka sikio lake mdomoni kwa Prosper.

Prosper alisema. Alisema kwa muda mrefu, na mzee akawa anatikisa kichwa, mara anauliza kitu, mara anatikisa tena, mpaka mwishowe akalichukua lile isale mikononi mwake. Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka pale, na sikusikia neno hata moja.